Chumba Kilichoning'inia Kiembeni

Nyundo niliisikia kabla sijamwona aliyeishika. Ngo, ngo, ngo, kisha bu. Kimya. Kisha bu tena, palepale. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za nyumba moja ya ghorofa Changamwe, siku yangu ya kwanza kazini, viatu vipya vikinibana vidole, nikijiuliza nibishe hodi au nisubiri. Sauti ya mzee ikatoka ndani: "Wewe uliyesimama hapo nje, hiyo ya mwisho imesemaje?"

"Imesema nyuma ya plasta hamna kitu," nikajibu.

"Ingia basi. Wenzio huanza na shikamoo."

Shikamoo nilimpa nilipomwona, naye akaipokea huku shavu lake limegandamana na ukuta. Huyo ndiye Mzee Karisa, mkaguzi wa majengo aliyenifundisha kazi hii. Ofisi yetu ilikuwa ndogo, ya watu binafsi, juu ya duka la vipuri vya magari. Watu walituita kabla ya kununua nyumba, au baada ya kununua na kujuta, na hawa wa pili walikuwa wengi zaidi. Nyinyi mliobaki ofisini mmeniomba niwaandikie ninayoyakumbuka. Sitaandika habari za vyeo. Mshahara nao mwaujua, maana ndio huo mliourithi.

Mzee Karisa alikuwa na nyundo ndogo, timazi, uzi, pimamaji, tochi, na gololi moja ya kioo. Gololi aliiweka sakafuni akaiacha ijiamulie yenyewe pa kwenda. Yangu niliinunua duka moja la Mishomoroni, na muuza duka akamwombea heri mwanangu ashinde wenzake wote mtaani. Nilimwitikia amina.

Mbele ya kila ukuta alitaka niulize swali moja tu: uzito waenda wapi? Tangi la maji likiwa juu ya paa, uzito wake washukia wapi? Ngazi hii yamwegemea nani? Nilidhani ni swali la kitoto mpaka nilipoanza kukutana na majumba ya fahari ambayo hayakuwa na jibu. Alinifundisha pia namna ya kuandika. Hatukuandika kwamba ukuta utaanguka. Tuliandika kwamba huenda ukuta ukapoteza uthabiti wake, na kwamba inashauriwa hatua zichukuliwe. "Neno 'huenda' ndilo kofia yetu ya chuma," alisema. "Usitoke nje kichwa wazi." Niliivaa kofia hiyo miaka yangu yote na siwaambii muivue. Nataka tu kuwasimulia siku moja niliyoivua.

Kwanza Likoni, maana ndiko nilikojifunza kwamba kosa la kumwaga zege halionekani mpaka mwenye nyumba amekwisha kuizoea nyumba yake. Mama mmoja alituita kwa sababu dari ya jikoni ilikuwa ikimdondokea kwenye mchuzi. Tulimkuta anapika amejifunika ungo kichwani, ametulia, kama ndivyo watu wote wapikavyo. Mzee Karisa akagonga, kipande kikashuka, na ndani yake tukaona chuma kilichovimba kwa kutu kama kidole kilichoumwa na nyuki. Mchanga ulikuwa umezolewa ufukweni. Tulipomweleza yule mama, alishika kiuno.

"Mwataka kuniambia chumvi ya bahari imenifuata mpaka jikoni?"

"Mama, ulikuja nayo mwenyewe, kwa lori," Mzee Karisa alisema kwa upole.

Mama akacheka mpaka ungo ukaanguka. Dari ile ilivunjwa, ikamwagwa upya. Mzee Karisa alistaafu muda mfupi baadaye, akarudi kwao Kaloleni kupanda minazi. Alisema minazi haina dari.

Halafu zikaja nyumba za msanifu.

Jina lake sitaliandika. Mabango ya barabara ya Bamburi yaliliandika kwa herufi zilizonipita kimo, na yatosha. Alikuwa mtu wa ng'ambo, amekufa zamani, na sifa yake kubwa ni nyumba zilizotoa vyumba na vibaraza nje ya kuta vikakaa hewani bila nguzo, kana kwamba nyumba imenyosha mikono. Ghafla kila mwenye kiwanja Kiembeni alikuwa akijenga "kwa roho yake". Roho yenyewe ilikuwa ni vioo vingi, paa bapa, mawe ya kubandika ya rangi ya kahawia, na angalau sehemu moja iliyoning'inia. Niliona moja yenye kijito cha maji sebuleni. Mwenyewe alilala chini ya vyandarua viwili.

Mtego wa kuhukumu nyumba hizi ni kwamba utataka kuhukumu ladha. Msifanye hivyo. Mimi nilizipenda picha za nyumba zake za asili, nilizitazama kwenye simu jioni nyingi, na kuna moja niliyoitazama mpaka chai ikapoa, jinsi ilivyotoka kwenye jabali bila kuogopa. Mtu anayependa kitu hiki si mjinga. Lakini picha huonyesha kile ambacho kamera ilikiona tu. Anayeiga picha ataiga kioo, ataiga jiwe, ataiga hata kivuli. Kilichozikwa ndani ya zege hakimo pichani, na hicho ndicho kinachobeba. Kwa hiyo katika nyumba za namna hii nilianza pale ambapo mpiga picha asingeweza kufika.

Nyumba ya marehemu Hamisi ilikuwa mojawapo. Ilijengwa nyuma ya Kiembeni, upande wa machimbo ya zamani, na chumba chake kimoja cha juu kilitoka ukutani na kukaa hewani juu ya ua wa pembeni. Hamisi alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Aliinunua nyumba ile kwa mapenzi. Jamaa zake waliniambia alikuwa akiegesha gari ng'ambo ya barabara ili aitazame kabla ya kuingia. Hakuishi humo sana. Presha ilimpanda siku moja kazini, akazikwa kesho yake.

Aliyenipigia simu ni nduguye, Bakari, asubuhi ya siku ya hitma ya arobaini. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi.

"Mama, ni jambo dogo. Pana ufa kwenye sakafu juu. Na dirisha la kuteleza halifungi tangu juzi. Tulitaka tu uutazame kabla wageni hawajafika."

"Wageni wafika saa ngapi?"

"Baada ya Alasiri. Wanawake watasoma juu, kwa shemeji, mke wa marehemu. Wanaume tutakaa chini."

Nilipofika, jua la mchana lilikuwa limekolea na masufuria ya pilau yalikuwa yameshawekwa kwenye mafiga nyuma ya nyumba. Mikeka ilitandikwa kwenye ua wa pembeni, chini kabisa ya kile chumba kilichoning'inia, na wazee waliotangulia walikuwa wameegemea mito pale. Niliwasalimu nikawaomba wahamie upande wa pili. Mzee mmoja akanitazama kama niliyemwomba avue kanzu.

"Mwanangu, upande wa pili pana jua. Hapa ndipo penye kivuli."

"Babu, kivuli hicho ndicho kilichonileta."

Hawakunyanyuka. Nikafunga uzi wangu chini ya zege lile, kutoka ukutani hadi ncha, nikaurudia mara mbili maana sikutaka kuyaamini macho yangu. Ncha ilikuwa imeinama. Si kwa upana wa kidole, wala si wa viwili. Nilipanda juu nikiwa na nyundo na patasi.

Hapa lazima nieleze kwa nini mjane alikuwa katika chumba kile. Bi Rukia alikuwa katika eda. Miezi minne na siku kumi akae katika nyumba ya mumewe, asijipambe, asionekane na wanaume wasio maharimu zake, wale wanaoweza kumwoa. Lakini nyumba nzima ilikuwa vioo. Sebule ilikuwa kama duka la dhahabu. Aliyepita barabarani aliona hata rangi ya vikombe. Vyumba vya mbele vilikuwa hivyo hivyo. Msanifu wa ng'ambo hakujenga kwa ajili ya watu wanaokaa eda, na walioiga hawakukumbuka kwamba wanunuzi watakuwa ni watu wa hapa. Chumba pekee chenye kuta za kumsitiri mtu kilikuwa kile cha pembeni, kilichokaa hewani. Kwa hiyo walimweka humo, wakaweka magodoro, kabati la misahafu, na mapipa ya maji ili asihangaike kushuka. Kila Alhamisi wanawake walijazana humo kumsomea marehemu.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, amevaa nyeupe, tasbihi mkononi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani.

"Karibu, mama. Samahani siwezi kukuinukia, miguu imekufa ganzi."

"Usiinuke," nikamwambia, haraka kuliko nilivyokusudia.

Ufa ulikuwa mlangoni, kizingitini hasa, umekata kutoka ukuta hadi ukuta kama mstari uliopigwa kwa rula. Upande wangu palikuwa nyumba. Upande wake palikuwa hewani. Nilipiga magoti upande wangu, nikang'oa kigae kimoja, nikaanza kuchimba.

Mzee Karisa aliwahi kunieleza jambo hili kwa ndoo. Alinyosha mkono, akaniambia nimtundikie ndoo ya maji kiganjani, kisha akaniuliza ni wapi panapouma. Panauma juu ya bega, si kwapani. Zege lililotoka ukutani bila nguzo ni mkono ule, na vyuma vyake vinatakiwa vikae juu, panapouma. Sakafu ya kawaida, iliyoshikwa pande zote, vyuma vyake hukaa chini. Mafundi wetu wamemwaga sakafu za kawaida maisha yao yote.

Nilichimba kwa patasi mpaka kina cha kidole. Hakuna chuma. Nikachimba zaidi. Zege tupu, vumbi, kokoto. Niliendelea mpaka tundu likameza nusu ya patasi, ndipo ncha ikalia dhidi ya chuma, huko chini karibu na dari ya wale wazee na mito yao.

"Umepata nini?" Bi Rukia aliuliza.

"Nimepata chuma mahali ambapo hakikutakiwa kuwa."

Akasukuma punje moja ya tasbihi. Nje tulisikia gari likisimama. Alikuwa Denis, kijana wa Nairobi aliyejenga na kuuza nyumba zile; Bakari alikuwa amempigia pia. Alipanda ngazi mbili mbili, Bakari nyuma yake, na nyuma yao Maalim Athmani aliyekuja kuongoza hitma. Niliwazuia kwenye kituo cha ngazi, nikavuta pazia la mlango ili wasimwone mjane, nami nikabaki katikati, pazia likinigusa mgongo.

"Mathe, mambo. Hiyo ni crack ya plasta tu," Denis alisema hata hajauona.

"Plasta haifiki kina cha patasi, mwanangu. Vyuma viko chini. Vilitakiwa viwe juu."

"Haiwezekani." Akatoa simu, akaipekua kwa kidole gumba, akanionyesha. "Cheki. Hii ni siku ya kumwaga slabu, asubuhi. Vyuma viko wapi hapo?"

Niliitazama picha ile kwa muda. Vyuma vilikuwa juu. Vilikuwa vimefungwa vizuri, vimeinuliwa kwa vipande vya mawe, kazi safi ya fundi anayejua. Bakari akashusha pumzi kwa nguvu.

"Alhamdulillahi. Basi hamna neno."

"Picha haidanganyi, mathe," Denis alisema, bila ukali. Naamini alikuwa anasema kweli yake yote.

"Haidanganyi. Walimwaga kwa mashine ya pampu au kwa karai?"

"Karai. Vibarua wengi, siku moja tukamaliza. Watu waliimba mpaka majirani wakatoka."

"Wakapita wapi na hizo karai?"

Akaishusha simu. Nyinyi mmewahi kuiona siku ya slabu. Mstari wa watu, karai begani, nyimbo za kutania mabosi, kila mmoja akikimbilia ncha ya mbali ili amwage na kurudi. Hakuna ubao wa kupitia. Wanapita juu ya vyuma. Kila mguu unavibonyeza kidogo, na kufikia chakula cha mchana vyuma vilivyokuwa begani vimeshuka kwapani, na zege bichi linafunika kila kitu, likasawazishwa, likawekwa vigae. Fundi anarudi nyumbani na picha yake ya asubuhi.

"Picha ilipigwa kabla ya viatu," nikamwambia.

Denis alirudi nyuma hatua moja. Kisha akajaribu njia ya mwisho. "Lakini hata nyumba za yule msanifu mwenyewe ziliinama, mathe. Soma. Wakaja kuzishikilia baada ya miaka mingi. Na bado ziko."

"Nimesoma. Ziliinama zikiwa na chuma cha kuzishika. Hiki kimeshikwa na mazoea tu."

Maalim Athmani alikuwa bado nyuma yao. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye ndevu zilizotiwa hina. Akanikaribia, macho chini, kwa heshima ya pazia.

"Bi Kadzo, wataka mjane atolewe?"

"Nataka atoke sasa hivi, Maalim. Na wazee kule chini. Na wageni wasipande."

"Maalim, hilo haliwezekani!" Bakari alidakia. "Mwezi na siku kumi tu, tumtoe mke wa ndugu yangu katika nyumba ya mumewe? Watu watasema nini? Watasema Bakari amengoja hitma akamfukuza mjane, apate nyumba ya vioo!"

Nyuma ya pazia, Bi Rukia alizungumza kwa mara ya kwanza tangu wanaume wafike. Sauti yake haikuinuka.

"Shemeji, mie ndio siondoki. Hamisi alinileta hapa, na hapa nitaimaliza eda yangu. Nikitoka na godoro leo, nani atanirudisha?"

Bakari alishika reli ya ngazi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ufa wa pili ulikuwa pale kwenye ngazi, na ulikuwepo kabla yangu. Yeye aliogopa kusemwa kwamba amemfukuza. Rukia aliogopa kufukuzwa. Wote wawili walikuwa tayari kukaa juu ya hewa kuliko kulisema.

Maalim akakohoa. "Sheria haikumfunga mjane kwenye nyumba inayoanguka. Akihofia ukuta kumwangukia, ana ruhusa ya kuhama, na eda yake haivunjiki. Hilo wanazuoni wamelisema wazi tangu kale. Lakini ruhusa yataka hofu ya kweli, si wasiwasi wa mtu. Mie sijui zege. Ajuaye ni wewe." Akainua macho yake mara moja tu. "Basi niambie, binti yangu. Chumba hiki chaanguka, au hakianguki?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Huenda. Lilikuwa la kweli. Niliwahi kuona zege kama lile likikaa miaka, na niliwahi kuona jingine likishuka na mtu anayefagia. Ningesema huenda, hakuna mtu duniani angenilaumu. Lakini niliona pia litakakokwenda neno lile: Maalim angesema basi si yakini, Bakari angesema tungoje fundi kesho, wanawake wangepanda baada ya Alasiri na Yasini zao, wakajaza mikeka, na Bi Rukia angebaki pale pale, kwa sababu neno huenda halimtoi mjane katika nyumba ya eda.

"Kitaanguka," nilisema.

Bakari akageuka. "Una hakika?"

"Kitaanguka."

"Leo?" Hiyo ilikuwa sauti ya Rukia, karibu na sikio langu, pazia tu likiwa kati yetu.

"Siku siijui."

"Basi hujui, mama."

"Najua kitakapoangukia. Wale wazee kwenye mito. Na wewe ndani yake, na misahafu, na mapipa."

Tasbihi ilisita. Mimi nikafanya jambo ambalo si la mkaguzi na ambalo siwashauri mlifanye kila siku. Nilimgeukia Bakari nikamwambia, "Bwana, mimi nimesema langu mbele ya Maalim. Nawe sema lako. Nyumba hii ni ya nani?"

"Wanidhania nini, mama?" Mishipa ya shingo ilimsimama. "Wanitukana katika msiba wangu?"

"Sikudhanii kitu. Yeye ndiye asiyejua. Mwambie."

Denis alikuwa ametazama viatu vyake. Nje, mwadhini wa msikiti wa karibu alianza kuita Alasiri, na kina mama wa kwanza walisikika getini, wakisalimiana, wakiuliza wapande wapi. Bakari alisikiliza adhana mpaka ikaisha. Kisha akalisogelea pazia kadiri adabu ilivyomruhusu.

"Shemeji. Wallahi, na Maalim anasikia. Nyumba hii ni ya Hamisi, na haki yako ndani yake haiguswi. Tutaitengeneza. Ukitaka kurudi, utarudi. Ukinikuta mlangoni nakuzuia, nitemee mate."

"Maalim umesikia?" Rukia akauliza.

"Nimesikia, mwanangu. Na yeyote atakayeuliza nitamwambia."

"Basi funguo nitashika mie."

Bakari alitoa mfukoni kifungu cha funguo akanipa, nami nikakipitisha chini ya pazia. Mkono uliokipokea ulikuwa baridi. Wanaume waliposhuka, nilisikia akivuta pumzi, kisha miguu yake mitupu, polepole, ikikanyaga vigae kuelekea kwangu. Nilisimama kizingitini nimenyosha mkono, mguu wangu mmoja nimeutanguliza hadi ukingo wa ufa bila kufikiri. Alipouvuka hakutazama chini. Alinishika kwa nguvu iliyoniacha na alama.

Niwaambie sasa yaliyofuata, msije mkasubiri kishindo. Hakikuanguka. Siku ile ile mafundi walikishikilia kwa boriti, na baada ya wiki chache kikavunjwa kipande kwa kipande kabla hakijapata nafasi ya kuonyesha kama nilisema kweli. Vyuma vilikuwa chini, kama nilivyosema, lakini hilo si sawa na kuthibitisha kwamba kingeanguka. Denis alinijengea ukuta wa ukimya muda mrefu, kisha akaanza kuniita kila anapomwaga slabu, nikamkuta anatandika mbao za kupitia kabla sijafungua mdomo. Watu wengine Kiembeni bado husema nilimtoa mjane katika nyumba ya eda kwa neno moja nisiloweza kulithibitisha. Ni kweli. Kazi hii ikifanywa vizuri huacha boriti chache na watu wenye mashaka. Nilimpelekea habari Mzee Karisa kule Kaloleni, nikimngojea anikemee kwa kutoka bila kofia. Aliniuliza ncha ilikuwa imeinama kiasi gani. Nikamwonyesha kwa vidole. Akavitazama vidole vyangu, akaniongezea chai.

Lakini alasiri ile hatukuyajua hayo. Wazee walikuwa wamehamia juani, wakinung'unika, wamejifunika vitambaa kichwani. Gari la kumpeleka Rukia kwa mama yake Mishomoroni lilisogezwa mpaka karibu na ngazi za mlango wa mbele, vioo vimewekewa shuka. Bado palikuwa na hatua kadhaa za ua wazi, na ua ulijaa wanaume. Hakuna aliyewaambia la kufanya wale wanawake waliokuja kusoma. Mmoja alivua leso yake ya juu akaishika ncha, mwenzake akashika ncha ya pili. Wengine wakafuata. Punde palikuwa na kuta mbili za leso kutoka mlangoni hadi garini, nyekundu, nyeusi, za njano, zikipepea kidogo kwa upepo wa jioni, na wanaume wote wakageuza nyuso zao upande wa machimbo. Niliutazama ukuta ule kwa jicho la kazi. Uzito wake ulijulikana unakokwenda. Kila mmoja alikuwa amebeba wake.

Tulitoka sote kwanza: mimi na nyundo yangu, mashangazi na misahafu, mpishi aliyekuwa amesahau mwiko jikoni. Rukia alikuwa wa mwisho. Alisimama sebuleni, katikati ya vioo vyote vile, akageuka mara moja kukitazama kiti ambacho nadhani kilikuwa cha Hamisi.

"Mwanangu, njoo," mama mmoja alimwita kutoka kwenye leso. "Twachoka mikono."

Rukia akatoka. Akauvuta mlango nyuma yake mwenyewe, akaufunga, akazungusha ufunguo mara mbili.